Tanki, antena na mabango juu ya vichwa vya watu: nani anakagua buloni zake?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo watu wamezoea kutazama chini wanapotembea. Mkaaji wa Goma anatazama mawe ya volkano yanayokata viatu. Wa Bukavu anatazama matope, mitaro iliyoziba, na ubavu wa kilima unaoweza kuteremka usiku wa mvua. Ni wachache wanaotazama juu. Na huko juu, miaka hii, kumejaa vitu: tanki za maji za lita elfu moja na elfu mbili kwenye nyumba za etaji, antena, paneli za sola, balkoni za vyuma zilizoongezwa nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, mabango ya matangazo yenye upana wa chumba kizima. Vyote hivyo vimeshikwa na kitu kidogo ambacho hakuna anayekihesabu: buloni iliyoingizwa ndani ya betoni.

Nani anakagua buloni hizo? Mwenye nyumba akiulizwa, anamtaja fundi. Fundi anasema alimaliza kazi, akalipwa, akaenda zake. Mtu wa Leta anayepita anauliza karatasi ya kodi, na macho yake hayafiki kwenye ekru. Kwa hiyo jibu la kweli ni hakuna. Na hali hiyo inaweza kuendelea miaka kumi bila neno, kwa sababu buloni mbaya haipigi kelele. Inashika, inashika, kisha siku moja inaacha.

Kuna njia tatu za kushikisha chuma kwenye betoni. Ya kwanza ni kuweka buloni kabla betoni haijamwagwa, ikiwa imekunjwa chini na kufungwa kwenye vyuma vya ndani. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, lakini inataka mtu awe amefikiri mapema, na nyumba nyingi hapa zinafikiriwa huku zikijengwa. Njia ya pili ni kutoboa tundu kwenye betoni iliyokauka na kugongelea buloni inayopanuka ndani inapokazwa, ikisukuma kuta za tundu. Ya tatu ni kutoboa, kujaza gundi ya kemikali na kusukuma chuma ndani. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazotumika karibu kila mahali, kwa sababu zinaruhusu kuongeza kitu baadaye. Zote mbili ni nzuri zikifanywa sawasawa. Ugumu ni kwamba ikishafanywa vibaya, kwa nje haionekani tofauti.

Mtu anayetaka kujua kosa liko wapi asimame kando ya kazi asubuhi moja tu. Fundi anatoboa, vumbi linajaa ndani ya tundu, naye anapuliza kwa mdomo mara moja, anasukuma gundi. Gundi hiyo inashikana na vumbi. Haigusi betoni yenyewe. Watengenezaji wa gundi wanataka tundu lisuguliwe kwa brashi ya duara na kupulizwa kwa pampu, tena na tena, mpaka vumbi liishe. Brashi hiyo haipo kwenye mfuko wa fundi wengi. Au anatoboa na kugonga chuma cha betoni akiwa amefika sentimita tano, wakati buloni ni ya kumi. Badala ya kuhamisha tundu, anakata buloni kwa msumeno na kuweka kipande kilichobaki. Ekru inakazwa, rangi inapakwa. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, hii itashika kweli?" na anajibiwa, "Papa, usiogope, hii inashika muzuri, hata tembo haiwezi kuitoa."

Kosa jingine ni la mahali. Betoni ikivutwa na buloni haikatiki wima. Inang'oka kama koni, pana juu na nyembamba chini, kama mtu aking'oa muhogo na udongo wake. Koni hiyo inahitaji nafasi. Buloni iliyoingia sentimita 10 inahitaji karibu sentimita 15 za betoni kila upande ili itoe nguvu yake yote, na buloni mbili za namna hiyo zinataka karibu sentimita 30 kati yao. Sasa angalia balkoni na mabango ya mjini: buloni nyingi zimewekwa sentimita nne au tano kutoka ukingo wa zege, kwa sababu pale ndipo palikuwa rahisi kufikia. Na nyingine hazimo ndani ya betoni kabisa. Zimegongelewa kwenye matofali ya simenti yenye matundu, ambamo buloni inayopanuka inapanuka hewani. Ukuta umepigwa lipu vizuri, kwa hiyo hata fundi wa pili hawezi kujua.

Inafaa pia kusema neno juu ya upepo, maana wengi wanadhani uzito ndio adui. Tanki ya lita elfu moja ikijaa inabeba tani moja ya maji, na watu wanaogopa hilo. Lakini tanki iliyojaa inatulia. Inayoruka ni ile tupu, siku ambapo maji yamekatika na dhoruba inakuja kutoka ziwani. Kwa mabango hesabu ni mbaya zaidi. Bango la mita 3 kwa mita 4, likipigwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa, linasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa zaidi ya kilo 550. Hiyo peke yake si ajabu. Lakini bango liko juu ya nguzo, na nguzo ni mkono mrefu. Kama katikati ya bango iko mita 5 juu ya sahani ya chuma, na buloni za sahani hiyo ziko sentimita 30 mbali, basi zile buloni mbili za upande wa upepo zinavutwa kila moja kwa karibu tani 4 na nusu. Zile kilo 550 za juu zimekuwa tani 9 chini. Mtu anayeuza mkate chini ya nguzo hiyo hajui hesabu hii, na hapaswi kuijua. Aliyesimika nguzo ndiye aliyepaswa.

Katika miji mingine ya Afrika hadithi ingeweza kuishia hapo. Katika Kivu kuna jambo moja zaidi, nalo ni ardhi yenyewe. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu 5.9 lilipiga eneo la Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi. Nyumba zilianguka pande zote mbili, na waliokufa wengi zaidi walikuwa upande wa Rwanda. Desemba 2005, Kalemie na kando za Tanganyika zilitikiswa na tetemeko la nguvu 6.8. Na tangu Nyiragongo ilipotapika tarehe 22 Mei 2021, Goma na Gisenyi ziliishi siku nyingi za mitetemeko iliyofuatana, mpaka sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Barabara zilipasuka. Kuta zilipasuka. Watu waliporudi, walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walichukua simenti, wakaziba nyufa, wakapaka rangi, wakaendelea na maisha.

Ufa huo uliozibwa ndio unaopaswa kuwanyima usingizi wenye majengo. Buloni inayopanuka inategemea kuta za tundu kuibana. Ufa ukipita katikati ya tundu, kuta hizo zinaachana, hata kama ni kwa upana wa uzi wa nguo. Hata buloni iliyotengenezwa na kujaribiwa kwa ajili ya betoni yenye ufa, katika hesabu za wajenzi, inapewa karibu theluthi moja pungufu ya nguvu. Na zile za bei rahisi, ambazo hazikutengenezwa kwa hali hiyo, zinaweza kupoteza karibu nguvu zote bila kusogea hata milimita moja siku hiyo. Zinabaki zimesimama kwenye tundu kama jino bovu. Ufa pia una tabia ya kupita kwenye matundu, kwa sababu ndipo betoni ilipodhoofishwa. Kwa hiyo mtu akiona ufa mwembamba unaoingia chini ya sahani ya chuma na kutokea upande wa pili, asidhani ni bahati mbaya ya rangi.

Halafu kuna kutu. Wakaaji wa Goma, Rutshuru na Masisi hawahitaji kufundishwa kwamba mvua yao si kama mvua za wengine. Gesi za Nyiragongo na Nyamulagira zinaipa asidi, na mabati yanakula kutu mapema. Asidi hiyo hiyo inanyesha juu ya ekru. Buloni nyingi zinazouzwa kwenye maduka zina ngozi nyembamba sana ya zinki, inayong'aa, iliyokusudiwa kwa kazi ya ndani ya nyumba. Kwa kazi ya nje inafaa ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye rangi ya kijivu isiyong'aa, au inoksi. Tofauti ya bei ipo, ndiyo. Lakini kwenye tanki ya dola mia mbili, buloni nne nzuri hazifikishi bei ambayo ingemfukarisha mtu aliyeweza kununua tanki.

Kuna watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini na fundi wasiosoma. Si kweli, na hapo ndipo mambo yanapovutia. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006, mume na mke walikuwa wakiendesha gari kuelekea uwanja wa ndege wa Boston, Marekani, ndani ya barabara ya chini ya ardhi iliyogharimu mabilioni ya dola na kufunguliwa miaka mitatu tu kabla. Dari la betoni lililoning'inizwa kwa buloni za gundi lilifunguka, na karibu tani 24 za betoni na vyuma zikaanguka. Mke alikufa. Mume alitoka akiwa hai. Wachunguzi wa serikali walipofungua kesi, walikuta kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya kukauka haraka, ambayo inashika vizuri ikivutwa kwa muda mfupi, lakini ikibeba mzigo siku na usiku inanyooka polepole, kama ulimbo ulioachwa kwenye jua.

Jambo la kuuma katika ripoti ile si gundi yenyewe. Mwaka 1999, wakati barabara hiyo ikiwa bado shantie, wafanyakazi waliona baadhi ya buloni zimeteremka kutoka ndani ya dari, ilhali zilikuwa zimejaribiwa kwa kuvutwa na zikafaulu. Watu wenye diploma walijadiliana. Buloni zile zilitolewa, zikawekwa nyingine, zikajaribiwa tena, zikafaulu tena, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyepata jibu la kwa nini kitu kilichofaulu mtihani kimetembea. Na baada ya barabara kufunguliwa, hakuna aliyepanda juu ya dari lile kutazama. Wachunguzi waliandika kwamba kama ukaguzi ungefanywa kwa vipindi vya kawaida, yaelekea buloni zilizokuwa zikiteleza zingeonekana kabla ya kuua.

Japani nayo, nchi inayosifiwa kwa nidhamu na inayojua matetemeko kuliko wengi, ilipata somo lake tarehe 2 Desemba 2012. Katika barabara ya chini ya mlima ya Sasago, iliyofunguliwa mwaka 1977, zaidi ya mita 130 za sahani za dari, kila moja yenye uzito wa zaidi ya tani moja, zilianguka juu ya magari asubuhi. Watu 9 walikufa. Dari lilikuwa limening'inia miaka 35 kwa buloni za gundi. Buloni zile za juu kabisa zilikuwa hazijagongwa kwa nyundo tangu mwaka 2000. Ukaguzi ulikuwa umefanywa mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, lakini wakaguzi walitazama kutoka chini. Sehemu ya juu, ambako shida ilikuwepo, ilikuwa mbali na ngumu kufikia. Walipovuta buloni zilizobaki, baadhi zilitoka kwa nguvu ndogo kuliko ile iliyohesabiwa.

Kinachopendeza katika hadithi ya Japani ni kilichofuata. Sheria ya barabara ilirekebishwa, na tangu 2014 kila daraja na kila barabara ya chini ya ardhi inapaswa kukaguliwa kila miaka 5, na mkaguzi awe karibu kiasi cha kuweza kugusa kwa mkono. Maneno hayo ya kugusa kwa mkono yana uzito. Mtu anaweza kutazama buloni kutoka barabarani kwa miaka 12 na kuandika kwamba ni nzima, na asiwe amesema uongo, kwa kuwa aliyoyaona yalikuwa hivyo.

Hapa nyumbani pia kuna mfano, ingawa uko upande wa pili wa nchi. Daraja la Matadi, lililojengwa pamoja na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1983, linabebwa na kamba kubwa za chuma ambazo mwisho wake zimeshikwa ndani ya betoni nzito kando za mto. Kati ya minara miwili kuna mita 520 bila nguzo. Nchi hii imepitia mengi tangu 1983: jina limebadilika, marais wamebadilika, vita vimekuja, barabara nyingi zilizojengwa wakati ule zimemezwa na majani. Daraja lipo. Shirika lililopewa kulitunza, OEBK, lina timu inayolizungukia, magari yanalipa peaji kupita, na wataalamu wa Japani walirudi miaka ya baadaye kusaidia kuweka mtambo wa kupuliza hewa kavu ndani ya kamba ili zisile kutu. Wanaosema Mkongomani hajui kutunza kitu wangefanya vizuri kwenda kusimama juu ya daraja lile. Tofauti kati ya Matadi na bango la pembeni ya soko la Kivu haiko katika damu ya watu. Kule kuna mtu ambaye kazi yake, mshahara wake na daftari lake ni kutazama chuma. Huku hayupo.

Wapo watakaokasirika kusoma maneno haya. Katika eneo ambako watu wanakufa kwa risasi na kwa njaa ya kambini, na ambako mashua zinazama na abiria wasiohesabiwa, kuongea juu ya ekru na rondeli kunaonekana kama mchezo wa watu walioshiba. Hasira hiyo ina haki yake. Lakini vita vyenyewe vinaongeza hatari hii. Miji imejaa watu waliokimbia vijiji. Wanauza, wanapika na kulala popote penye kivuli, na kivuli kiko chini ya balkoni na mabango. Milipuko ya silaha nzito inatikisa kuta kama tetemeko dogo. Na nyumba ambayo mwenyewe amekimbia haitunzwi na mtu. Mtoto aliyeponea risasi Masisi akaja kupigwa na tanki Goma hafi kifo kidogo zaidi.

Sababu ya pili inayotolewa ni pesa, na hiyo ni dhaifu. Ukaguzi wa kwanza wa buloni hauhitaji mashine kutoka Ulaya. Kila mama anayenunua chungu sokoni anajua kazi hii: anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima kinaimba, chenye ufa kinasema neno fupi na baya. Buloni ni vivyo hivyo. Ikigongwa kwa nyundo ndogo upande wa kichwa, iliyoshika inatoa sauti kavu na nyundo inaruka. Iliyolegea inatoa sauti iliyokufa, na kidole kilichowekwa upande wa pili kinahisi mtetemeko. Macho yanafanya mengine. Mstari wa kutu unaoteremka ukutani chini ya sahani unaonyesha maji yanaingia ndani. Nafasi kati ya sahani na betoni, ambayo karatasi inaweza kupita, inaonyesha kitu kimesogea. Nyufa zinazozunguka buloni kama duara ni ile koni inayoanza kung'oka. Njia nzuri na ya bei rahisi ni kuchora mstari wa rangi unaopita juu ya ekru, rondeli na sahani kwa pamoja siku ya kwanza. Mwaka ujao mstari ukiwa umekatika, ekru imezunguka, na hakuna ubishi.

Nyundo ina mwisho wake, hilo lisemwe pia. Buloni ya gundi inaweza kutoa sauti nzuri na bado isiwe na nguvu ya kutosha, kama Boston ilivyoonyesha. Kwa majengo makubwa, kwa minara na mabango ya njia kuu, panahitajika injenia mwenye kifaa cha kuvuta buloni na kupima. Lakini hata kifaa hicho kinasema ukweli wa leo tu, kwa hiyo lazima kirudi.

Kosa kubwa zaidi linafanyika baada ya kugundua shida. Buloni imelegea, fundi anaitwa, anakaza ekru kwa nguvu zake zote, anapaka rangi, analipwa franka zake. Hapo shahidi amefungwa mdomo. Buloni iliyotoka milimita tano ilikuwa inasema jambo: labda betoni imepasuka, labda gundi ni mbovu, labda upepo ni mkubwa kuliko hesabu. Kuikaza kunairudisha mahali pake bila kusikia ilichokuwa inasema, na mara nyingine kunamalizia kuing'oa kutoka kwenye tundu. Wenye kazi wa Boston walifanya hivyo mwaka 1999 wakiwa na mashine nzuri. Kama sababu haijulikani, mzigo ushushwe kwanza, tanki imwagwe maji na kufungwa isiruke, bango literemshwe, watu wa chini wahamishwe, kisha ndipo mazungumzo yaanze. Na buloni mpya iwekwe kwenye tundu jipya, mbali na lile la zamani.

Wenye majengo wanaodhani kwamba hili ni jambo la hiari wanapaswa kujua kwamba sheria ya Kongo haifikiri hivyo. Kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kilichotoka tangu 1888 na ambacho mahakama bado zinakitumia, kinasema katika kipengele cha 262 kwamba mwenye jengo anawajibika kwa hasara inayoletwa na kuanguka kwake, ikiwa sababu ni kukosa kulitunza au kosa la ujenzi. Hakisemi fundi. Kinasema mwenye jengo. Aliyenunua nyumba jana na kukuta tanki juu amenunua pia buloni zake. Familia nyingi zinazopoteza mtu kwa namna hii zinapokea gunia la mchele na sanda, zinaambiwa ni mapenzi ya Mungu, zinazika, na hazijui kwamba kulikuwa na kipengele cha sheria upande wao. Mawakili wa Kivu, ambao hawakosi sauti katika mambo mengine, wangeweza kulisema hili redioni kwa Kiswahili.

Kwa upande wa Leta, mlango rahisi zaidi ni kodi. Bango la matangazo linalipa kodi. Mnara wa simu unalipa kodi zaidi ya moja, na kila ofisi inajua njia ya kufika kwake. Hakuna ugumu wowote wa kusema kwamba karatasi ya mwaka huu haitoki bila karatasi ya ukaguzi wa buloni, yenye jina na sahihi ya injenia, na yenye picha zilizopigwa kwa karibu. Ofisi za Urbanisme tayari zinadai plani kabla ya kutoa ruhusa ya kujenga; zidai pia kuona buloni za kile kitakachowekwa juu. Hatari iko wazi: karatasi hiyo yenyewe inaweza kuuzwa, na mkaguzi akasaini akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nchi hii ina ujuzi wa karatasi za namna hiyo. Ndiyo maana picha na jina ni lazima, na karatasi ibandikwe chini ya nguzo, mahali ambapo muuza mkate anaweza kuisoma na kuuliza kwa nini tarehe imepita.

Vijana wa kufanya kazi hii wapo. Butembo ina chuo cha ujenzi na kazi za umma, Goma na Bukavu zina vyuo vya ufundi, na kila mwaka vinatoa watu wenye diploma wanaoishia kuuza vocha za simu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakiwa na nyundo, kopo la rangi, ngazi na daftari, wanaweza kuzunguka kartie moja kwa siku za salongo na kuandika nini kiko juu ya njia na kimeshikwa namna gani. Orodha ya kwanza haitakuwa kamili. Lakini leo hakuna meya anayeweza kusema kuna mabango mangapi yenye buloni zilizopita miaka 10, wala ni tanki ngapi zilizowekwa kabla ya mitetemeko ya 2021 ambazo hazijaguswa tangu wakati ule.

Wakati unaofaa ni kabla ya mwezi wa 9, mvua na upepo havijarudi. Mwezi wa 8 paa ni kavu, ngazi haitelezi, na fundi wengi hawana kazi. Tanki zile za 2021 zianziwe.